Ukurasa Ambao Hatujaufikia

Machi 6

Mvua zimeanza leo, na redio ya karakana imekufa leo hii hii. Maji yalipenya darini yakaidondokea, ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Fundi Mkuu, mama mwenye karakana, aliichapa makofi mpaka mkono ukamuuma, kisha akatangaza kwamba msimu huu tutashona tukisikiliza matumbo yetu. Tuna sare za shule za kushona mpaka mwezi wa tano.

Machi 9

Sindano ya cherehani imenipita kidole cha shahada. Nilikuwa nabishana na Mama Pacha, fundi mwenzangu, kuhusu kola huku mguu ukiendelea kukanyaga. Mdomo wangu huu haujawahi kuniletea faida. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeichomoa na kunifunga kidole kwa kipande cha kitambaa, polepole, hata sikulia. Nimeambiwa nisiguse mashine mpaka kipone.

Machi 11

Nimepata kazi mpya. Mzee wa Mkasi, anayetukatia vitambaa, hununua makaratasi makuukuu ili achoree vipimo vya nguo. Leo katika mzigo wake kimetokea kitabu kizima kilichong'olewa jalada, hata jina hakina. Alikuwa ameshakiinulia mkasi nikamwambia, "Mzee, mimi sina mkono lakini macho ninayo. Nipe niwasomee." Nimesoma hadi jioni, na watu wameshona kuliko siku zote. Tayari wananiita Redio.

Tumeweka utaratibu wetu. Mtu akitaka kusema neno anasema, "Weka kidole," nami naweka kidole changu chenye bandeji kwenye mstari, nanyamaza, yeye anatoa maoni yake, tunabishana, kisha naendelea. Kanuni ni moja tu: hakuna kusoma mbele peke yako, hata mimi msomaji. Tunakwenda pamoja.

Machi 13

Kitabu kinahusu mume mpole. Hapandishi sauti, hajawahi kumwinulia mkewe mkono. Kila siku anasogeza kitu kimoja tu nyumbani, kisha anamsaidia mke kukitafuta. Kijiko, kitana, kipande cha sabuni. Mke ameanza kujiona kichwa chake kinavuja.

Maoni ya karakana ni haya. Mama Pacha anasema mke ni mjinga, yeye angekuwa ameshamfukuza huyo bwana kwa ufagio. Mzee wa Mkasi anasema mwandishi anatuchezea, na mwisho wa yote tutaambiwa mke kweli ni mwendawazimu. Fundi Mkuu anataka kujua mume anafanya hivyo kwa faida gani, maana mwandishi hasemi. Wifi yangu alikuwa anashona vifungo. Mama Pacha akamchokoza, "Na wewe je, mke wa muuguzi? Huyu bwana kwa upole si kama wa kwako?" Tulicheka wote, na wifi akacheka. Halafu akasema, "Mimi naona anampenda. Mtu asiyekupenda hapotezi muda wake kukusogezea kijiko."

Karakana nzima ilizomea. Yeye akaendelea na vifungo vyake.

Machi 16

Tangu mume wangu afariki ninaishi chumba cha uani kwa kaka. Kaka ni muuguzi. Mtaa mzima huja kugonga hapa kwa homa na kikohozi, naye hamfukuzi mtu. Ndiye aliyenifundisha kusoma, nimekaa mapajani mwake, kabla sijaanza shule. Wifi hakwenda shule kabisa. Namba anazijua, za vifungo na za sare, lakini herufi kwake ni michoro tu.

Kabla ya mvua kaka alimwambia aache kazi. "Akili yako haijatulia tangu msiba wa mama yako," alimwambia. Wifi alikataa, na sikumbuki kama amewahi kumkatalia jambo lingine lolote. Ni kweli aliwahi kuunguza sufuria na kusahau nguo kwenye kamba mpaka zikanyeshewa. Mimi mwenyewe nimemtania mbele za watu kwamba wifi yangu siku moja atasahau kichwa chake sokoni.

Machi 20

Leo tulifika pale mume anapofumua pindo la gauni la mkewe na kulishusha, kila wiki kidogo, mpaka mke anaanza kujikwaa na kudhani anasinyaa. Kazi ilisimama. Mama Pacha anasema haiwezekani, ni mwanamume gani ajue kupiga pindo la mkono. Mzee wa Mkasi alikasirika. Fundi Mkuu akasema angetazama uzi tu, uzi mpya hung'aa, hakuna mke anayeshona ambaye angedanganywa. "Huyu hashoni," nikawaambia. "Basi ndiyo maana," akasema Fundi Mkuu, na alilisema kwa uhakika kabisa.

Machi 24

Droo ya nyuzi imeingia maji na kitabu kimelowa pembeni. Wamenikabidhi nikakianike nyumbani. Nimekifungua mezani sebuleni chini ya taa. Kaka aliporudi kazini akakigeuzageuza. "Ndicho mnachosoma siku hizi?" Nikamsimulia kwa furaha, maana kaka anajua kusikiliza kuliko watu wote ninaowafahamu. Nikamwambia akisome, atoe maoni yake. Akacheka. "Mimi na vitabu wapi na wapi, mdogo wangu."

Machi 27

Mvua. Vifungo vyeupe vimekwisha. Kitabu sasa nakibeba kila siku, asubuhi karakana, jioni mezani.

Machi 29

Jumapili. Ufunguo wa kabati la nguo umepotea. Tumetafuta asubuhi nzima. Kaka alipiga magoti akatazama chini ya kila kiti, bila kunung'unika, huku akimwambia wifi, "Kumbuka taratibu. Mara ya mwisho ulikuwa umeushika wapi?" Mchana wifi alikwenda kuchota unga. Akaugusa mle mle ndani ya kopo, chini kabisa. Alisimama na mkono mweupe hadi kiwikoni, anatutazama. Kaka akamshika bega. "Usijali. Hutokea."

Nilicheka. Niandike ukweli, nilicheka sana.

Machi 30

Leo nilikuwa nasoma kama kawaida, mvua inapiga bati, nikafika mstari huu: "Alizamisha mkono ndani ya unga, na vidole vyake vikagusa chuma." Ni ufunguo. Mke ametafuta ufunguo nyumba nzima, na mume amepiga magoti akimsaidia, na upo ndani ya unga.

Nilisimama katikati ya mstari. Mama Pacha akauliza, "Redio imepoteza mawimbi?" Nikasema nimepaliwa na mate. Wifi hakuinua uso, lakini niliona uzi wake unapita tundu lile lile la kifungo tena na tena. Niliendelea kusoma, sijui nilisoma nini.

Njiani tulikuwa chini ya mwavuli mmoja. Akasema, "Wifi, kitabu hiki kinanijua."

"Imetokea tu," nikamwambia. "Nyumba gani haina ufunguo, na nyumba gani haina unga?"

Akaniuliza, "Kitabu kiliandikwa lini?" Nikamwambia zamani, hata karatasi zimekuwa za njano. Akatikisa kichwa.

Aprili 2

Kidole kimepona. Fundi Mkuu hataki nirudi kwenye mashine, anasema nikisoma kazi inakwenda mbio. Mimi ningependa kurudi kwenye mashine.

Aprili 5

Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuja kututembelea. Mtoto wa kaka, ana miaka minne, alitaka kutoka naye, na viatu vyake havikuonekana. Vya kushoto vilikuwepo vyote, vya shule na vya kutokea na ndala. Vya kulia hakuna hata kimoja. Kaka ndiye aliyevipata, vimefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba wa wifi wa kushonea.

"Sikuviweka mimi," wifi alisema.

"Usimseme, Shangazi," kaka akasema kwa sauti ya chini, ile anayowasemeshea wagonjwa. "Hajui anachofanya." Shangazi alimtazama wifi kwa huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko kama angemgombeza.

Aprili 8

Nimesoma leo, mbele ya watu wote, jinsi mke alivyobakiwa na viatu vya kushoto tu.

"Weka kidole," akasema Mzee wa Mkasi. "Kwa nini vya kulia?"

"Ili asiweze kukimbia," akajibu Mama Pacha.

Wifi alitoka nje akasimama kwenye mvua bila mwavuli. Nikasema ana kichefuchefu.

Aprili 9

Sijaenda kazini. Nimekaa kitandani nikifikiri, nikirudia rudia, nikitafuta mlango mwingine wa kutokea. Hakuna. Mambo haya yalitokea nyumbani kabla sijayasoma karakana. Wifi hawezi kusoma. Kitabu kinalala sebuleni. Basi kuna mtu ndani ya nyumba anayesoma mbele yetu, na nyumba ina wasomaji wawili tu, mimi na yeye.

Mimi ndiye niliyemletea. Nilikiweka chini ya taa, nikamsimulia, nikamsihi akisome.

Kaka ameingia mchana akaniletea chai na vidonge vya kichwa. Akanigusa paji la uso kwa kiganja. "Huna homa," akasema. Mkono wake ni ule ule niliouzoea tangu utotoni, mkavu, wa vuguvugu. Nilitamani kulia.

Aprili 12

Nimevunja kanuni. Nimejifungia chumbani Jumapili nzima nikakisoma kitabu mpaka mwisho. Sikufurahia hata neno moja. Nilikuwa natafuta tu kinachokuja. Kinachokuja ni mtoto. Mume anamwambia mke, nilikuambia asubuhi kwamba leo utampokea wewe shuleni, ukasema sawa. Mke hakuambiwa kitu. Mtoto anangoja nje peke yake hadi giza. Baada ya hapo ukoo unakaa kikao, na mke anakuwa wa kwanza kukubali kwamba ni mgonjwa.

Kesho kitabu kinabaki karakana, ndani ya mfuko wa plastiki. Najua nimechelewa. Aliyesoma ameshasoma.

Aprili 13

Kaka ndiye humpokea mtoto shule ya chekechea kila siku. Leo niliomba ruhusa nikasimama getini mapema. Kaka alikuja, akampokea, akashangaa kuniona. "Nilikuwa napita," nikasema.

Aprili 14

Nimesimama tena. Mlinzi wa geti kaniuliza kama nina mtoto pale.

Aprili 15

Tena. Kaka hakuniuliza kitu safari hii, alinitazama tu na kutabasamu. Fundi Mkuu amesema kesho nikitoka mapema nisirudi.

Aprili 21

Imetokea leo. Mvua ya leo ilikuwa ya kuziba macho, barabara zimegeuka mito, umeme ukakatika saa nane. Tulikuwa karakana wote, wifi yuko mbele yangu kabisa anashona, na tangu asubuhi hakuinuka isipokuwa kula. Kwenye saa kumi na moja hivi kaka akaingia amelowa chapachapa, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Wifi akasema, "Si unampokea wewe?"

"Nilikuambia asubuhi," kaka akasema. "Nilikuambia leo nina zamu ndefu. Ukasema sawa."

Nakumbuka asubuhi ile. Nilikuwa uani napiga mswaki, mlango uko wazi, nawasikia. Kaka alisema chai ina sukari nyingi, na mengine sikusikia. Sasa ndiyo najiuliza, kulikuwa na mengine? Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, na mimi nilikuwa nasukutua. Siwezi kuapa.

Tulikimbia sote. Geti lilikuwa limefungwa na mlinzi ameondoka. Mtoto tulimkuta ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha muuza magazeti kilichofungwa, amekalia begi lake, maji yamemfika kwenye vifundo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Wifi alimbeba akawa anasema neno moja tu, "Sikuambiwa, sikuambiwa," na watu wamesimama chini ya mabaraza wanatazama. Kisha akanyamaza. Alipoanza tena kusema, alisema kitu kingine. Alisema, "Labda niliambiwa."

 Niliisoma sentensi ile Jumapili niliyojifungia, kitandani kwangu, na leo nimeisikia kwa sauti ya mtu ninayempenda.

Aprili 22

Mtoto ana homa. Kaka anamtibu, na anamtibu vizuri.

Aprili 23

Nimemwambia wifi. Tulikuwa stoo ya majora ya vitambaa, nyuma ya karakana, nikamweleza kila kitu polepole, ufunguo, viatu, mvua, na kwamba tulikuwa hatujafika kurasa hizo mambo hayo yalipotokea. Nilidhani atanishika mkono. Alinitazama kama mgeni.

"Wewe ni nduguye," akasema. "Damu moja. Kwa nini uniambie mimi maneno haya?"

"Kwa sababu wewe si mgonjwa."

"Unataka kunivunjia nyumba." Akachukua bati la vifungo akarudi mahali pake. Jioni alitembea mbele yangu, kila mtu na mwavuli wake.

Aprili 25

Bado wananiita Redio, bado ninasoma. Nimeanza kuruka kurasa. Mzee wa Mkasi amegundua kuna kitu kimepungua, anasema mwandishi huyu amezeeka ghafla.

Aprili 28

Baba mdogo ametuma habari. Jumamosi kutakuwa na kikao cha ukoo. Kaka hakuomba, ila Shangazi ndiye aliyepeleka maneno. Wanataka wifi arudi kwao akapumzike, na mtoto abaki hapa na baba yake. Mimi nitatunza mtoto, ndivyo wanavyosema, kwa hiyo wanahitaji kauli yangu.

Wifi amezisikia habari hizi akiwa anapiga pasi. Aliendelea kupiga pasi. Lakini alikuwa anampigia pasi mtoto kila nguo aliyo nayo, hata fulana za ndani.

Mei 2

Niandike yote, maana kesho nitaambiwa sikuyaona.

Baba mdogo alikaa kiti kikubwa, Shangazi pembeni yake. Kaka kwenye kochi, wifi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mtoto amelala chumbani. Mimi nilileta chai. Baba mdogo alianza kwa kumsifu kaka kwa uvumilivu, kisha akamuuliza wifi kama anakubali kwamba hayuko sawa. Wifi akasema, "Sijui, baba." Akaulizwa tena. "Sijui nilichofanya na nisichofanya."

Baba mdogo akanigeukia mimi. "Na wewe, uliye nao nyumba moja, unasemaje?"

Nikasema.  Nilikuwa nimekileta kitabu kwenye mfuko wake wa plastiki, nikakifungua mezani kati ya vikombe, nikawasomea ufunguo, nikawasomea viatu, nikawasomea mtoto. Nikawaambia kwamba wifi hasomi, na kwamba kila kimoja kilitokea humu kabla wenzangu karakana hawajakisikia. "Anayefanya haya anajua kusoma," nikasema, "na anaishi hapa." Shangazi alikuwa ameshika tama. Baba mdogo alimtazama kaka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona anamtazama kwa swali.

Kaka hakukasirika. Akashusha pumzi, akaniangalia kwa upendo. Naapa ulikuwa upendo.

"Mdogo wangu," akasema, "ni kweli kabisa. Nilikuwa naona, nikaogopa kusema." Akamgeukia Baba mdogo. "Kitabu ni cha nani? Kilikuwa kinalala kwa nani? Mimi sijawahi kukisoma, muulizeni kama amewahi kuniona nimekishika."

"Ulikishika," nikasema. "Siku ya kwanza, pale mezani."

"Nilikisogeza nipate pa kuweka kikombe." Sauti yake ilikuwa ile ya wagonjwa. "Wiki moja kabla mtoto hajapotea, ulisimama getini pa shule siku tatu mfululizo. Mlinzi atasema. Ulijuaje kwamba kuna siku mtoto ataachwa?"

"Nilisoma mbele."

"Ulisoma mbele," akasema. Akawaacha wenyewe wamalizie.

Niliwatazama mmoja mmoja. Shangazi alikuwa ameuhamishia uso wake wa huruma kwangu. Mjane, anaishi chumba cha uani, hana mtoto wake mwenyewe, na alikuwa abaki na mtoto wa wifi yake. Niliyaona maneno yote hayo yakipita machoni mwake. Nikafungua mdomo, mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno, nikakosa. Maana nilikuwa nimeijenga hoja hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, na sasa nilikuwa nimesimama ndani yake. Wasomaji wawili. Niliandika hivyo hapa.

 Wifi akasimama.

"Naomba kusema," akasema. "Nimesikiliza kitabu hicho msimu mzima, nami nina maoni." Sauti yake ilinyooka. "Kama ni mume wangu, basi mimi si mgonjwa. Kama ni wifi yangu, basi pia mimi si mgonjwa. Mmoja wao anasema kweli, na sijui ni nani, na sina muda wa kumtafuta. Siwezi kulala nyumba yenye hao wawili. Mtoto wangu naye hawezi."

Baba mdogo alijaribu kumwambia akae chini. Hakukaa. "Mlikuja kunichukulia mtoto kwa sababu mimi ni mwendawazimu," akamwambia, kwa heshima yote. "Sasa, baba, mwendawazimu ni nani?"

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani akatoka na mtoto mgongoni na ule mzigo wa nguo zilizopigwa pasi. Kumbe alikuwa ameshaufunga. Nilimkimbilia mlangoni na mwavuli wangu. Alinitazama, akautazama mwavuli, akaufungua akaukagua ndani kabla ya kuuchukua.

Mei 4

Wifi yuko stoo ya majora. Fundi Mkuu amewapa godoro. Mtoto amepona.

Mei 5

Nimerudishwa kwenye mashine. Mama Pacha ndiye anayesoma sasa, anasoma kwa kusitasita, na anarudia kurasa nilizoruka. Kila akifika nilipokuwa nimeruka, wananitazama.

Mei 9

Mtoto aliniona akapiga mbio, "Shangazi, shangazi." Mama yake akamwita. Hakumwita kwa hasira. Alimwita tu, mtoto akarudi. Nimeshona makwapa ya sare zote leo kombo, imebidi nifumue.

Mei 11

Natafuta chumba. Msimu huu wenye nyumba wote wanasema mpaka mvua ziishe.

Nyumbani tumebaki wawili. Kaka anapika, anachemsha maji yangu ya kuoga. Hajataja kikao hata mara moja. Jirani amenishika mkono akaniambia, "Pole, kaka yako ametueleza, pumzika tu." Sikumuuliza ameeleza nini.

Mei 14

Nimekuta viatu vyangu vya kulia na vya kushoto, vyote viko pamoja mlangoni, vimepangwa vizuri. Sikumbuki kuvipanga. Nimekaa nikavitazama muda mrefu, nikajaribu kumfikiria mtu yule aliyesimama getini siku tatu kwa macho ya mtu mwingine. Aliyekuwa peke yake na kitabu chumbani Jumapili nzima. Aliyecheka ufunguo ulipotoka kwenye unga. Mimi najua sikufanya. Ninajua. Lakini na wifi naye alijua, mpaka siku ile ya mvua.

Mei 17

Mvua zimepungua. Sare zimebaki chache.

Mei 19

Leo kitabu kimeisha. Mke anaondoka alfajiri ameshika viatu mkononi, na mume anaamka, anamwandalia chai, anakaa mezani kumngoja. Basi, ndiyo mwisho. Mama Pacha alifunga kitabu, mashine zote zikasimama.

Tukazunguka maoni kama kawaida. Mama Pacha mwenyewe akasema ni kitabu kibaya, na angependa kingine kama hicho. Mzee wa Mkasi akakiri kwamba alimdhania mke vibaya tangu mwanzo, akaomba radhi, sijui alikuwa anamwomba nani. Fundi Mkuu alisema bado hajaelewa mume alipata faida gani. Mimi waliniruka. Sikulalamika.

Wifi alikuwa anakata uzi wa kifungo cha mwisho, mtoto amelala miguuni pake juu ya vipande vya kitambaa. Fundi Mkuu akamuuliza, naye akafikiri.

"Yule mke alikuwa na bahati," akasema. "Yeye alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwogopa."